Jibini Lenye Jina Lake

Asubuhi kwenye mlima ule huanza na kelele za kengele. Kila kondoo ana kengele shingoni, na kondoo wakishaamka hakuna binadamu atakayelala. Bronka alikuwa anapanda njia ya mawe, mgongoni amebeba mikate na viazi. Alizisikia kengele kabla hajakiona kibanda. Kisha akaona moshi. Ulikuwa unapenya kati ya mbao za paa, taratibu, kama kawaida yake. Bronka akatabasamu. Moshi ukitoka pale, ujue mambo yako sawa.

Kibanda kile ni cha mumewe, Klemens. Klemens ni baca, yaani mkuu wa wachungaji. Theluji ikiyeyuka, kijiji kizima humkabidhi kondoo wake, akapanda nao milimani. Baridi ikianza kurudi, huwashusha. Muda wote huo anakamua, anagandisha maziwa, na anatengeneza oscypek. Hilo ni jibini la maziwa ya kondoo. Ni gumu, limechongoka huku na huku kama pia ya kuchezea, lina nakshi tumboni, na moshi umelipa rangi ya dhahabu. Mtu wa milima ya Poland ukimnyima oscypek, umemnyima nusu ya chakula chake na maringo yake yote!

Ndani ya kibanda, vyombo vyote vilikuwa vya mbao. Pipa la kugandishia maziwa lilikuwa la mbao. Upawa ulikuwa wa mbao. Kalibu za kubania jibini, zenye nakshi, alizichonga babu yake Klemens kwa kisu chake mwenyewe. Na katikati ya sakafu uliwaka moto.

Moto huo una sheria yake. Baca huuwasha siku ya kwanza ya msimu, na hauzimwi hadi siku ya kushuka. Inyeshe isinyeshe, unawaka. Ukizimika, watu husema msimu umeharibika. Tena katika ukoo wa Klemens, hakuna anayeugusa ila baca mwenyewe. Bronka alikuwa ameolewa miaka mingi, na hajawahi kusogeza hata kijiti.

"Umechelewa, mama Maciek," alisema Klemens bila kugeuka. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye pipa hadi viwiko.

"Nimechelewa? Haya, kesho ubebe wewe viazi hivi, mimi nikae hapa nikuulize kwa nini umechelewa."

Klemens akacheka. "Leta habari."

"Habari ziko mbili. Maciek amepiga simu."

Klemens akatoa mikono kwenye maziwa. Maciek ni mtoto wao wa pekee. Alikuwa Ireland, anajenga nyumba za watu. Zamani kijana wa Poland akitaka kufanya kazi nchi ya mbali, alihangaika na vibali hadi ndevu zikaota. Lakini Poland ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, Maciek alinunua tiketi tu, akaenda. Mlango ulikuwa wazi. Mshahara ulikuwa mzuri. Ila benchi lake pale kibandani lilibaki tupu, na Klemens hakupenda mtu mwingine alikalie.

"Amesemaje?"

"Mzima. Amekonda kidogo. Anasema kule Dublin kuna duka linauza oscypek."

"Oscypek? Dublin? Nani kapeleka?"

"Kiwanda. Limetengenezwa kwa mashine, maziwa ya ng'ombe matupu, limepakwa rangi. Anasema ukilitafuna linalia kama soli ya kiatu. Lakini kwenye karatasi wameandika oscypek, wakachora na baca amevaa kofia."

Klemens hakucheka. Aliutazama moto. "Wamechora baca," alisema. "Baca gani huyo? Amekamua kondoo gani?"

"Habari ya pili ni kwamba mkaguzi wa jibini anakuja Alhamisi ijayo. Daktari Tekla atakueleza Jumapili, baada ya kanisa. Usikimbie."

*

Jumapili walikuwa wanne jikoni kwa Bronka. Sufuria kubwa ya chuma ilikuwa mezani, ndani yake supu ya kabichi chachu yenye mbavu za nguruwe. Alikuwepo Klemens, ameshuka kwa misa na moto ameuachia magogo ya kutosha, amevaa suruali yake ya sufu nyeupe ya kanisani. Alikuwepo Tekla, jirani yao, daktari wa mifugo. Tekla amezalisha kondoo wa bonde lile kwa miaka mingi, na siku hizi anawasaidia wafugaji kuelewa kanuni za Umoja. Na alikuwepo Jacenty, kaka yake Bronka, ambaye hakuna mtu aliyemwalika. Jacenty akisikia harufu ya mbavu haalikwi.

Jacenty anauza jibini sokoni mjini, chini ya mlima, wanakopita watalii. Ana mdomo mtamu na habari nyingi. Zingine ni za kweli.

"Shemeji, nakuhurumia," alianza, mfupa mkononi. "Umoja umekuja kukumaliza. Wanataka kila kitu kiwe cha chuma kinachong'aa. Mbao marufuku. Moshi marufuku. Baca avae joho jeupe kama daktari wa meno."

"Nani kakuambia?" aliuliza Tekla.

"Sokoni wanasema."

"Sokoni walisema pia kwamba Umoja utahesabu matango yetu na kuyanyoosha kwa rula."

"Na je, hawayanyooshi?"

"Jacenty, kula," alisema Bronka.

Klemens aliweka kijiko chini. "Daktari, mimi sikusoma sana. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kawaida. Huu Umoja ni kitu gani hasa? Maana wengine wanauimba kama malaika, na wengine wanautukana kama mwizi."

Tekla akasukuma bakuli pembeni. "Sikiliza. Wewe unachunga kondoo wa nani?"

"Wa kijiji kizima."

"Kila mtu angeweza kuchunga kondoo wake peke yake. Kwa nini wanakupa wewe?"

"Kwa sababu mtu mmoja hawezi kukaa mlimani kwa ajili ya kondoo watano. Wakiwa pamoja, inalipa."

"Ndiyo hiyo. Nchi zilikaa zikasema, kila mmoja peke yake ni kondoo watano. Tuungane kwenye biashara. Bidhaa zivuke mipaka bila ushuru. Watu wavuke kwenda kutafuta kazi. Kila nchi inachanga fedha kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo unasaidia wakulima, barabara, na sehemu zilizobaki nyuma. Ile barabara mpya ya kuja hapa, fedha zake nyingi zilitoka huko."

"Barabara ni nzuri," alikubali Klemens.

"Mpaka nao. Unakumbuka yule kondoo wako aliyevuka kwenda Slovakia?"

Jacenty akapaliwa na supu kwa kicheko. Kisa hicho kila mtu anakijua. Miaka ya nyuma, kondoo mmoja wa Klemens alivuka mpaka juu ya kilele, Klemens akamfuata, na askari wakamkamata Klemens. Alilala mahabusu. Kondoo alirudi nyumbani peke yake, kabla yake.

"Sasa hakuna askari pale juu," alisema Tekla. "Tangu majira ya baridi yaliyopita, unavuka kama unavyovuka uwanja wako."

"Basi ni raha tupu," alisema Klemens. "Hakuna ubaya?"

"Upo, na sitakuficha. Mlango ukiwa wazi, watu wanaingia na watu wanatoka. Maciek alitoka kupitia mlango huo huo."

 Bronka aligeuka akashughulika na jiko, ingawa jiko halikuwa na shida yoyote.

"Jibini la viwanda vikubwa nalo limeingia," aliendelea Tekla. "Ni rahisi, na mdogo anaumia. Halafu kanuni zinaamuliwa mbali. Poland ina kiti pale mezani na ina sauti, lakini haiamui peke yake. Wakati mwingine tunashindwa, na tulichoshindwa tunakifuata vilevile. Na kanuni zina gharama. Mzee Wincenty wa kule juu ameniambia hatatengeneza jibini tena. Mtu wa kondoo wanane atajenga vipi chumba cha kuoshea?"

"Mnaona?" Jacenty alipiga meza. "Si nilisema? Kanuni!"

"Ngoja, sijamaliza. Kuna kanuni inayokuumiza, na kuna kanuni inayokulinda. Mwaka huu jina oscypek limeandikishwa katika Umoja wote. Hakuna mtu wa nchi yoyote mwanachama anayeruhusiwa kulitumia, ila mtu wa milima hii, anayetumia maziwa ya kondoo, kwa njia ya wazee wetu. Waslovakia wana jibini lao linalofanana na letu, nao walikuwa na hoja yao. Tukakaa mezani, tukaelewana, kila mmoja akabaki na jina lake. Zamani tungerushiana mawe juu ya kilele. Sasa mkaguzi anakuja kuhakikisha wewe ni baca wa kweli. Akikubali, unapata cheti. Akikataa, unaweza kuuza jibini lako, lakini huwezi kuliita oscypek."

Klemens alikuwa amekunja uso. "Baba yangu aliliita oscypek. Babu yangu aliliita oscypek. Leo mtu wa ofisini ndiye atanipa ruhusa?"

"Ndiyo. Inaudhi, najua. Lakini mwenye kile kiwanda cha soli za viatu hataipata kamwe. Na mbao hazijakatazwa, nakuambia mapema. Vyakula vya asili vina nafasi yao kwenye kanuni. Wanachotaka ni usafi."

 Baadaye, Tekla alipoondoka, Jacenty alimsogelea shemeji yake. "Huyo ni daktari wa kondoo," alinong'ona. "Anajua nini kuhusu wakubwa? Mimi nina vyombo vya chuma, vipya, nakuazima. Na jiko la gesi. Alhamisi moja tu, shemeji. Waonyeshe wanachotaka, waende zao."

"Baba Maciek," alisema Bronka, "akili za kuambiwa, changanya na zako."

Lakini Klemens alikuwa na akili za zamani. Alikulia enzi za serikali ile ya amri ya Wakomunisti, ambapo mkaguzi alikuja na sura ngumu na kuondoka na nguruwe. Watu wa milimani walijifunza jambo moja: mkaguzi akija, mwonyeshe anachotaka kuona, na ufiche unachokipenda. Njia hiyo iliwaokoa wengi wakati huo. Ndiyo maana hakumwamini Tekla. Tangu lini mkubwa akataka kuona kitu cha babu yako?

*

Alhamisi Bronka alipanda mapema kuliko siku zote. Alibeba mikate, na ile sufuria ya chuma yenye supu ya kabichi ya wachungaji. Alifika kwenye kona ambapo kibanda huonekana. Moshi ulikuwepo, lakini mwembamba. Akaongeza mwendo.

Ndani alidhani amekosea nyumba. Pipa la mbao halikuwepo. Upawa haukuwepo. Kalibu za babu hazikuwepo. Vyombo vya chuma vilikuwa vimepangwa ukutani, vinang'aa hadi vinaumiza macho. Jiko la gesi la Jacenty lilikaa kwenye kona, limejaa kiburi. Klemens alikuwa amevaa joho jeupe linalombana mabegani.

"Vyombo viko wapi?" aliuliza Bronka.

"Kwenye nyasi kavu, nyuma."

"Umeficha vyombo vya babu yako kwenye nyasi? Kama bidhaa za wizi?"

"Ni kwa siku moja!"

"Na moto?"

Klemens hakumtazama. Alikuwa ameondoa magogo, yamebaki makaa. Pembeni ilikuwepo ndoo ya maji.

"Klemens. Usifanye hivyo."

Alimwita kwa jina. Huwa hamwiti kwa jina.

"Unataka nifanye nini?" Klemens alifoka. "Nikikataliwa, mimi ni nani? Niwe mzee wa mlimani anayeuza kitu kisicho na jina? Kijiji kinipe kondoo wa nini? Maciek arudi kufanya nini? Ni bora nizime moto mara moja kuliko uzimike moja kwa moja."

Akainua ndoo.  Maji yalimwagika nusu juu ya makaa na nusu sakafuni. Kibanda kikajaa mvuke na majivu. Klemens akakohoa, akatoka na ndoo kwenda kijitoni kuleta maji mengine. Pengine alikwenda kufuta macho. Bronka hakumwuliza, hata baadaye.

Alisimama peke yake mbele ya moto ambao hakuwahi kuugusa. Upande mmoja makaa bado yalikuwa mekundu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu mwanamume anatupa mbachao kwenye nyasi kwa ajili ya vyombo vya kuazima!  Kisha akamimina supu ya wachungaji kwenye mojawapo ya vyombo vya Jacenty, akachukua koleo, akazoa makaa mekundu na kuyatia kwenye sufuria ya chuma. Akayafunika kwa majivu ya moto. Akaweka kifuniko nusu, ili yapumue. Akaipeleka sufuria nyuma ya kibanda, akaiweka chini ya ukuta wa mawe.

Klemens aliporudi, alimwaga ndoo ya pili kwenye majivu. Hakukuwa na kitu cha kuzima tena, lakini hakutambua.

*

Mkaguzi aliitwa bwana Seweryn, alitoka Kraków. Alikuwa mtu mnene, na mlima ulikuwa umemtoa jasho lote alilokuwa nalo. Tekla alikuja naye. Bwana Seweryn alisimama mlangoni, akapangusa paji la uso, akachungulia ndani. Kisha akanusa. Akanusa tena.

"Moshi uko wapi?" aliuliza.

"Hakuna moshi, bwana," alisema Klemens, amesimama wima kama askari. "Mambo ya kizamani tumeacha. Sisi sasa ni Ulaya."

"Sasa? Na babu yako aliishi wapi, mwezini?"

Tekla alikuwa ametazama yale majivu yaliyolowa. Akajishika kichwa. "Mungu wangu, Klemens. Umeuzima?"

Bwana Seweryn alizunguka. Aligonga chombo cha chuma, kikalia. Akafungua kingine, akakuta supu ya kabichi. Akafunika. "Bwana baca," alisema kwa upole, "vyombo hivi ni safi. Ukitaka kuuza jibini la kawaida, sina neno. Lakini mimi nimekuja kwa ajili ya oscypek. Bila pipa la mbao, bila moto, bila moshi, hilo si oscypek. Siwezi kukupa jina hilo. Nikikupa wewe, nitamnyima vipi mwenye kiwanda?"

 Uso ulimwiva Klemens. Alikuwa amekiogopa kiwanda, na sasa amesimama ndani ya kiwanda chake mwenyewe!

"Ninavyo," alisema mwishowe. "Vyombo ninavyo. Vya babu yangu. Lakini moto... Moto wa msimu nimeuua kwa mkono wangu."

"Hujauua," alisema Bronka.

Alitoka, akarudi na sufuria. Aliiweka chini mbele ya mumewe, akafunua. Akapuliza majivu. Chini yake makaa yalikuwa mekundu, yako hai kabisa.

"Nimeugusa moto wako, baba Maciek," alisema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze kesho. Leo weka kuni."

 Klemens alilivua lile joho jeupe, na kitufe kimoja kikaruka. Akapiga magoti, akafagia majivu yaliyolowa, akamwaga makaa mahali pake. Akaweka vijiti vya msonobari, kisha gogo. Moto ukashika. Moshi ukapanda hadi kwenye mbao za paa, na bwana Seweryn akaanza kukohoa kwa furaha.

Kisha Klemens akafanya kazi. Na alipofanya kazi, hakuogopa mtu! Wachungaji wake wawili walileta vyombo kutoka kwenye nyasi, Bronka akavisugua kwa maji yanayochemka. Maziwa yakamiminwa kwenye pipa, yakaganda. Klemens akayavunja kwa fimbo ya mbao, akazamisha mikono, akakusanya donge, akalikamua. Akalizungusha viganjani hadi likapata umbo. Akalibana kwenye kalibu ya babu, na lilipotoka lilikuwa na nakshi tumboni. Akalitia kwenye maji ya chumvi. Halafu akaonyesha juu, kwenye ubao ulio karibu na paa, ambako majibini ya siku zilizopita yalikuwa yanaiva kwenye moshi. Yale hakuwa na moyo wa kuyaficha.

Bwana Seweryn alikata kipande. Akatafuna taratibu. Akakata cha pili, na hicho hakikuwa cha ukaguzi.

"Mbao zako ni safi," alisema. "Endelea hivyo hivyo kwa maji ya moto. Lakini kuna vitu lazima uvirekebishe. Maji ya kijito yapimwe. Uweke mahali pa kunawia mikono. Madirisha yawe na nyavu, inzi asitue kwenye maziwa. Na yule mbwa aliyejilaza chini ya benchi alale nje."

"Mbwa naye ana kanuni?" alinung'unika Klemens.

"Mbwa naye."

"Nyavu, bomba, kupima maji. Nani atalipa?"

"Sehemu kubwa utalipa wewe," alisema Tekla. "Kuna msaada kidogo kutoka kwenye mfuko wa Umoja, nitakusaidia kuuomba. Sikukuambia kwamba ni bure."

Klemens aliwaza. Akatazama kalibu mkononi mwake. "Inzi hata babu yangu hakuwapenda," alisema. "Sawa. Nitaweka nyavu."

*

Aliweka nyavu. Alivuta bomba. Alilalamika kila siku aliyokuwa anafanya kazi hiyo, kwa sababu mtu ana haki ya kulalamika kwake. Kabla theluji haijaanguka, cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa Bronka, karibu na picha ya Bikira Maria, chini yake kidogo.

Mzee Wincenty hakurudi kwenye kazi ya jibini. Gharama zilimshinda, na hilo halikufutika kwa sherehe. Klemens alimwendea, akachukua kondoo wake wanane kwenye kundi lake, na kila wiki Bronka alimpelekea jibini. Mzee alilipokea. Lakini alisema la mkono wake mwenyewe lilikuwa tamu zaidi, na pengine alisema kweli.

Sokoni, Jacenty alilazimika kubadilisha kibao chake kilichosema oscypek. Majibini yake ya maziwa ya ng'ombe sasa yaliitwa majibini ya moshi tu. Pembeni, kwenye meza yake ndogo, aliweka oscypek la Klemens lenye alama ya Umoja. Watalii walilimaliza kabla ya saa sita.

"Dada," alimwambia Bronka, "mimi siku zote nilisema shemeji ashikilie mbao."

"Ulisema?"

"Moyoni."

Kisha Maciek akapiga simu. "Mama! Lile jibini la kiwanda wameliondoa dukani. Ile karatasi yenye baca haipo tena. Mwenye duka anasema hawaruhusiwi. Ananiuliza, je, la kweli linapatikana wapi?"

Bronka akampa simu Klemens. Klemens alisikiliza, akajikohoza. Kanuni ile ile ya mbali, iliyomfanya afiche vyombo vya babu yake kwenye nyasi, ilikuwa imevuka bahari na kumshika mwizi wa jina lake. "Mwambie," alisema, "linapatikana kwa baba yako."

Theluji ilipoyeyuka, Maciek alikuja kwa msimu mmoja. Alisema baada ya hapo ataona. Mlango uko wazi kwenda na kurudi, na mama yake hakumbana. Kijiji kizima kilipanda na kondoo, kengele zinalia hadi Slovakia. Padri aliwanyunyizia kondoo maji ya baraka. Kisha watu wakakusanyika mlangoni mwa kibanda, kushuhudia baca akiwasha moto wa msimu.

Klemens alipanga vijiti. Akatoa kiberiti mfukoni. Halafu akageuka, akamnyooshea Bronka.

"Washa wewe."

 Jacenty hakuweza kujizuia. "Shemeji, desturi ya ukoo wenu inasemaje?"

"Inasema moto ni wa anayeutunza," alijibu Klemens. "Washa, mama Maciek. Kondoo wanangoja."

Bronka akapiga magoti. Kiberiti kikawaka mara ya kwanza. Moshi ukapanda, ukapenya kati ya mbao za paa, ukatoka nje. Chini kwenye njia ya mawe, mzee Wincenty alikuwa amechelewa kupanda. Aliuona, akavua kofia.